Proxmox juu ya wifi: nilivyohama kutoka daraja kwenda ruti

Duka letu la nyavu liko Kibirizi, Kigoma, na mahesabu yote yanakaa kwenye seva ndogo ya Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe (kompyuta za kisoftware ndani ya kompyuta moja); zangu ziko tatu. Mwanzoni nilizifunga zote kwa daraja, yaani swichi ya kisoftware inayoziunga moja kwa moja na mtandao wa duka, ile vmbr0 inayokuja na Proxmox, na kwa kweli nililipenda. Kila mashine inachukua namba yake ya mtandao (IP) kwa ruta, inaonekana kama kompyuta nyingine yoyote ya dukani, na printa inajitokeza yenyewe.

Tatizo lilikuja tulipohamishia seva chumba cha nyuma, ambako waya haufiki. Nikaweka kadi ya wifi nikijua ni suala la kubadilisha jina la kadi tu kwenye faili la mipangilio ya mtandao, /etc/network/interfaces. Linux ikagoma kuiingiza kadi hiyo kwenye daraja. Ruta ya wifi inamjua mteja kwa anwani moja ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao), ile iliyojiunga nayo. Mashine pepe ikija na MAC yake kwa mlango huohuo, ni mgeni, hapokelewi.

Basi nikahamia ruti, yaani mashine pepe zinakaa kwenye mtandao wao wenyewe na seva inazipitishia data kwenda na kurudi. Nikaiacha vmbr0 bila kadi yoyote, nikaipa 10.10.10.1/24, nikawasha ip_forward inayoiruhusu seva kupitisha data za wengine, kila mashine nikaipangia namba mwenyewe. Printa kimya. Nilikaa na tcpdump, programu ya kutazama data zinazopita, mpaka saa nne usiku: ombi naliona linatoka, jibu halirudi. Kumbe printa ilikuwa inajibu, ila jibu inamkabidhi ruta, na ruta haiujui mtandao wa 10.10.10.0, inalisukuma kwenye intaneti linapotelea huko. Nikaongeza njia moja kwenye ruta: 10.10.10.0/24 ipitie 192.168.1.50, yaani seva yenyewe. Risiti iliyokuwa imekwama tangu jioni ikatoka palepale.

Kero ipo. Printa haijitokezi tena, maana matangazo yake hayavuki ruti, kwa hiyo namba yake niliiandika kwa mkono kwenye kila mashine. Halafu kuna ruta ndogo za laini ya simu zisizo na sehemu ya kuongeza njia. Ukiwa na hiyo itabidi utumie NAT, yaani mashine zote zijifiche nyuma ya namba ya seva, na kuzifikia mashine zako kutoka kompyuta nyingine kunakuwa kazi.

Mwenye waya mpaka kwenye swichi yake, namshauri daraja bila kusita. Mimi nikipata mita ishirini za waya na mtu wa kutoboa ukuta, narudi hukohuko.