Huduma ya kuchukua taka zilizotengwa Mpendae: uzoefu wangu

Tangu kabla ya masika yaliyopita nimo kwenye huduma ya vijana wanaopita majumbani hapa Mpendae kuchukua taka zilizotengwa. Majirani wananiuliza kama inafaa kulipia. Inafaa, tena sana, ila yapo mambo ya kujua kabla hujajiandikisha.

Unapewa mapolo mawili, moja la plastiki na makopo, jingine la karatasi na maboksi. Taka za jikoni unazitia kwenye ndoo yenye kifuniko, na kazi yenyewe iko hapo. Taka za nyumba zetu nyingi ni mbichi: maganda ya ndizi na muhogo, chicha, matumbo ya samaki, wali uliolala. Ukizichanganya na maboksi, boksi linarowa na hakuna atakayelinunua. Karatasi iliyoingia mafuta nayo kiwandani haitakiwi. Ukizitenga, maganda na chicha huenda kuwa mbolea ya mashamba, na kwenye mapolo hubaki vitu vikavu visivyonuka wala kuita nzi. Vifuu na makumbi hatuwapi, tunapikia. Kwangu mimi jiko safi peke yake limeshalipa ada, ambayo kwa mwezi haifiki bei ya kilo ya nyama.

Chupa za maji wanataka zisuuzwe, zibanwe, na vizibo viwekwe mbali. Nilipouliza sababu, kijana mmoja alikata kipande cha chupa akakitia kwenye ndoo ya maji pamoja na kizibo. Kipande kikazama, kizibo kikaelea. Ni plastiki mbili tofauti, haziyeyuki kwa joto moja, na viwandani pia hutenganishwa kwa maji namna hiyo hiyo. Makopo ya soda ndiyo wanayoyafurahia zaidi, kwani kuyeyusha alumini iliyokwisha kutumika hula takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuipata mpya kutoka kwenye madini yake.

Mifuko ya plastiki Zanzibar iliipiga marufuku tangu 2006, lakini chupa bado zinajaa mitaroni, na mvua ikishuka maji yanakosa pa kupita. Kinachonitia hofu zaidi ni visima. Unguja tumekaa juu ya mawe ya chokaa yenye matundu, na maji tunayokunywa kwa sehemu kubwa yanatoka chini ya mawe hayo. Uchafu unaooza kwenye jaa la mtaani hauna safari ndefu kuyafikia. Kuchoma uani pia si dawa. Moshi wa plastiki wanaoanza kuuvuta ni watoto wanaocheza hapo hapo.

Sasa kasoro. Mvua kubwa ikinyesha hawaji, na hawatoi taarifa. Chupa za vioo hawachukui kabisa, ilhali kioo kinaweza kuyeyushwa na kufanywa kioo kipya mara nyingi bila kuharibika. Na kwa nyumba za ghorofa hawapandi ngazi: shoga yangu anakaa na mama yake mzee juu kabisa, na kila siku ya zamu lazima atafutwe mtoto wa jirani awateremshie ndoo. Nimewaambia walishughulikie hili kwanza, kabla ya kufungua mitaa mipya.