Mwaka wa kwanza UDOM: hosteli ya chuo au geto la kupanga mtaani?

Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kilianza 2007, nje kidogo ya mji, upande wa Chimwaga. Kila ndaki (sehemu ya chuo yenye fani zake, kwa Kiingereza college) ina majengo yake, na kati ya ndaki na ndaki kuna mwendo wa kutosha kukutoa jasho. Kwa mwanafunzi mpya, hapo ndipo hosteli inapoanza kushinda.

Ukilala hosteli ya ndaki yako, unaamka, unaoga, uko darasani. Jioni maktaba haikutishi, kwa kuwa huwazii bodaboda wa kukurudisha. Kubwa zaidi ni wenzako wa chumbani: mmoja katoka Kigoma, mwingine Mtwara, na usiku mnafunguliana daftari la hesabu iliyowashinda wote mchana. Kero zipo. Kelele, foleni ya bafu asubuhi, faragha hakuna.

Geto la Ng'ong'ona au Makulu, mitaa ya jirani na chuo, lina uhuru wake. Unapika wali maharage saa unayotaka, unalala kimya. Lakini wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na bumu (fedha ya mkopo wa wanafunzi) huja kwa awamu. Bado hujanunua godoro, jiko la gesi na ndoo za maji (Dodoma ni kavu, akiba ya maji ni lazima).

Mwenye mtoto au mwenza namwelewa akipanga. Wewe uliyetoka kidato cha sita juzi, omba hosteli mapema. Geto utalikuta mwaka wa pili, ukiwa na wenzako wa kuchangia kodi.