Chanuo la chuma kwa mbwa wa manyoya marefu
Nunua hili kwanza, hata kabla ya shampuu. Upande mmoja meno yameachana, upande wa pili yamebanana. Brashi ya waya mara nyingi hulainisha juu tu, huku chini manyoya yamesokotana. Anza na meno yaliyoachana, fungu kwa fungu, ukiwa umeshika manyoya karibu na ngozi ili mbwa asiumie. Nyuma ya masikio na kwapani usipaharakishe kabisa: ndiko mafundo huanzia na kupe hujificha. Chana kabla ya kumwogesha, maana fundo likilowa hukaza. Mbwa wa aina ya German Shepherd humtosha mara mbili kwa wiki; akipukutisha manyoya sana, mchane kila siku. Dukani, pitisha ncha za meno kwenye kiganja, zikikukwaruza, liache.