Ziwa Ellis, Mlima Kenya: trauti wapo, ila baridi ndiyo mwenyeji

Ziwa Ellis liko upande wa mashariki wa Mlima Kenya, ndani ya hifadhi ya taifa, takriban mita 3,450 juu ya usawa wa bahari. Duka hakuna, na bomba la maji pia hakuna. Kuna ziwa dogo, nyasi za mafungu, upepo, na samaki aitwaye trauti. Mvuvi wa fimbo atapapenda. Familia yenye watoto wadogo inayotaka nyama choma ya wikendi iende Naivasha.

Kuharibika kwa safari huanzia barabarani. Kutoka mji wa Chogoria njia hupanda msituni, ikapenya mianzi, hadi lango la KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, lililo karibu mita 2,950. Mvua ikinyesha udongo ule huteleza kama sabuni, na gari lisilo na nguvu ya magurudumu manne litaishia mtaroni. Beba sepetu, kamba ya kuvutia na minyororo ya tairi. Nenda Januari na Februari, au kati ya Julai na Septemba, Aprili usijisumbue. Ada ya hifadhi hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya serikali ya malipo, kwa hiyo malizana nayo ukiwa bado mjini, kwenye mtandao wa kuaminika. Leseni ya kuvua ni jambo la pekee, haimo katika tiketi ya hifadhi.

Usiku wa kwanza lala langoni. Anayetoka Nairobi asubuhi na kupiga hema ziwani jioni hiyohiyo amepanda zaidi ya mita 1,700 kwa siku moja, na kichwa kitamdai. Kichwa kikiuma huku kichefuchefu kikizidi, dawa ni kushuka, si kumeza vidonge na kungoja kuche. Kutoka langoni, wa miguu huchukua saa tatu hadi nne bila haraka.

Hema. Usiku joto hukaribia sifuri, na mara nyingi asubuhi umande umeganda juu ya turubai. Kosa la kawaida ni kufunga kila tundu ili joto lisitoke: pumzi hugeuka maji, maji huganda ndani ya hema, na jua likichomoza yote hudondokea mfuko wa kulalia. Acha matundu ya juu wazi. Mfuko wenyewe uwe wa kustahimili nyuzi 5 chini ya sifuri, na chini yake tandika mikeka miwili ya povu, kwa sababu ardhi ndiyo inayokunyonya joto kuliko hewa. Udongo ni laini, hivyo vigingi vifupi vya dukani hung'oka kwa upepo wa kwanza. Tumia vya sentimita 25, uvikite vikiwa vimelalia upande wa mbali na hema. Usipige hema bondeni kabisa kando ya maji. Hewa baridi hutiririka na kutuama hapo.

Sasa samaki. Trauti si wa asili ya Kenya. Mayai yaliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 na Ewart Grogan, vifaranga wakatiwa mto Gura, kule Aberdare. Ni samaki wa maji baridi yenye hewa nyingi, ndiyo maana anaishi juu huku na wala humkuti bwawani Thika. Fimbo ya uzani namba 5 inatosha, namba 6 ikiwa mkono wako haujazoea upepo. Uzi wa mbele uwe kama mita 2.7, ukiishia kwenye unene wa milimita 0.18. Chambo ni nzi bandia wa ndoana namba 10 au 12, mweusi au kahawia. Yule wa jadi aitwaye Kenya Bug hajawahi kupitwa na wakati.

Tupa mapema, kuanzia kunapopambazuka hadi saa nne asubuhi hivi. Baadaye mawingu hupanda kutoka bondeni na upepo huchafua uso wa maji. Jioni upepo ukitulia utaona miduara midogo majini: samaki wanakula juu, na hapo nzi wa kuelea hufanya kazi kuliko wa kuzama. Mchana mwache nzi azame, hesabu hadi kumi, kisha vuta kwa vipande vya sentimita 10, ukipumzika kila baada ya vitatu. Wengi huvuta kwa pupa.

Mambo matatu hupoteza samaki. Kwanza, kusimama wima ukingoni jua likiwa mgongoni, kivuli chako kikatangulia majini. Piga goti, kaa nyuma hatua tatu. Pili, fundo lililokazwa kavu: nailoni hupata joto la msuguano na kudhoofika, hivyo lilambe kwanza ndipo ukaze. Tatu, nyasi za nyuma yako. Ndoana ikishika fungu la nyasi, ncha hupinda bila wewe kujua, halafu unashangaa samaki wanagusa na kuachia. Ipitishe juu ya ukucha. Ikiteleza bila kukwaruza, inoe au badilisha.

Jikoni, kwa mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi kama 88, kwa hiyo maharagwe makavu hayataiva hata uyaombe. Beba githeri iliyochemshwa nyumbani, au ndengu zilizoiva. Trauti hahitaji kuparwa magamba: mpasue, mtoe matumbo, paka chumvi na ndimu, mfunge kwenye karatasi ya alumini, dakika nne kila upande kwenye sufuria. Matumbo yasirudishwe ziwani. Yafukie mbali na maji na mbali na mahema. Pika kwa gesi tu. Nyasi hizi zikikauka hushika moto kama petroli, na moto wa Machi 2012 mlimani ulionyesha hilo. Gesi ya butani pekee hulegea alfajiri, mwali ukawa wa mshumaa. Nunua mchanganyiko wenye propani, na usiku mtungi ulale nao ndani ya mfuko.