SR20DET ndani ya Datsun 510: baada ya kilomita 11,000

Nilijizuia kuandika juu ya injini hii, niliyoifunga kwenye Datsun 510 yangu badala ya ile ya asili, mpaka ifikishe kilomita 11,000. Sifa nyingi za kazi kama hii huandikwa wiki ya kwanza, oili ikiwa bado ina rangi ya asali. Nilitaka kwanza gari lipigwe mvua, likwame foleni jua la mchana, lilale wiki mbili bila kuwashwa, lipande mlima likiwa na watu wanne na mizigo yao. Limeyapitia yote hayo, na sasa nina ya kusema.

Gari lenyewe ni Datsun 510 ya mwaka 1971, milango minne. Lilitoka kiwandani na L16: sentimita za ujazo 1,595, bloku ya chuma cha kusubu, kemshafti moja, kabureta. Injini niliyoifunga ni SR20DET iliyotoka kwenye Nissan Silvia ya umbo la S13: sentimita za ujazo 1,998, bloku ya aluminiamu, kemshafti mbili, vali 16, turbo, nguvu farasi 205 kwa hesabu ya kiwanda. Ilikuja na giaboksi yake ya gia tano. Ni injini ya miaka ya 1990, lakini ukiitazama kutoka upande wa kabureta na poenti (swichi ya zamani ya kuwashia cheche), ni zama nyingine kabisa.

L16 haikuwa na ubaya wowote. Niliitoa kwa sababu moja: miguu ya 510 ilizidi moyo wake tangu ilipozaliwa. Mbele ina mfumo wa MacPherson (springi na shokomzoba kwenye mguu mmoja), nyuma kila gurudumu lina mkono wake, wakati sedani nyingi za bei ya chini za enzi hizo zilikuwa bado zinaburuta ekseli nzima moja. Gari la aina hii ndilo lililoshinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1970, Edgar Herrmann akiwa kwenye usukani na Hans Schüller pembeni yake, kwa injini ya lita 1.6 tu. Mwaka 1971 na 1972 John Morton akachukua ubingwa wa Trans-Am, mbio za magari za Marekani, wa daraja la lita 2.5 akiwa na timu ya Peter Brock. Kwa hiyo sikuwa natafuta injini ya kulificha gari lililochoka. Nilitaka injini inayolistahili.

Mimi ni fundi umeme wa nyumba, si fundi magari. Kazi ya kuchomelea na kukata nilimwachia mtu anayeijua, nami nikachukua nyaya zote. Nitaanza na upande wake, kwa sababu ndio uliokwenda upesi.

Tulinunua seti ya mauntini (vishikizo vya injini) na krosimemba (boriti ya chuma inayoibeba) iliyotengenezwa maalumu kwa ndoa hii. Chuma chake ni kinene na uchomeleaji ni safi. Hilo nawapongeza waliotengeneza. Kasoro ni matundu mawili ya krosimemba, ambayo hayakulingana na fremu. Tulilazimika kuyapanua kwa tupa, na kwa kitu kinachobeba injini hilo si jambo dogo. Ninayemwandikia haya apime kwanza kabla ya kupaka rangi. Pia angalia sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Fimbo ya usukani inayounganisha pande mbili inapita chini ya injini, karibu sana na sampu, na gari likiwa juu ya jeki nafasi inaonekana ya kutosha kuliko ilivyo. Literemshe chini, zungusha usukani kutoka ncha hadi ncha, ndipo utajua. Kwetu ilibaki nafasi ya kidole kimoja. Boneti ilifunga bila kukatwa, na furaha ya siku ile siwezi kuieleza.

Propela ilibidi itengenezwe upya kwa urefu wake na kupimwa msawazo. Rejeta kubwa ya aluminiamu, feni ya umeme, basi. Hapo sikupata shida.

Sasa nyaya. Nimefunga umeme wa nyumba kwa miaka 17 na nilidhani naelewa waya. Ndani ya nyumba, saketi ikikosewa inazima au inawaka moto. Ndani ya injini hii, saketi ikikosewa kidogo inadanganya. Kompyuta ya injini inapokea habari za hewa, joto, mzunguko wa kemshafti na hewa ya eksozi, na kila habari ni volti chache tu, nyingine chini ya volti moja. Nilichukua wiki tatu. Kila waya niliufunga karatasi ya gundi yenye jina lake na mahali unapokwenda, nikautenga na ule wa gari la zamani, na nikakataa kukata chochote nisichokitambua. Jenereta ya L16 ilitegemea kidhibiti volti kilichofungwa nje yake. Ya SR, yaani SR20DET, inacho ndani, kwa hiyo kile cha nje kinaondolewa na nyaya zake kuunganishwa upya, taa ya chaji ikiwa sehemu ya saketi. Mshale wa joto kwenye dashibodi unahitaji sensa yake ya zamani, tofauti na ile inayoisomea kompyuta. Ukiziunganisha mbili kwenye sensa moja, zote zitasoma uongo.

Na bado ilinisumbua. Kwa karibu miezi miwili injini iliwaka vizuri asubuhi, kisha ikishapata joto mlio wake unapanda na kushuka kama mtu anayehema, na mara nyingine inazima nikisimama. Watu walinishauri nibadilishe sensa ya hewa, kisha pampu, kisha kompyuta yenyewe. Sikubadilisha hata kimoja. Nilichukua mita, nikaweka ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye maungio ya waya wa ardhi wa kompyuta (unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri), injini ikiwa inanguruma na feni na taa zimewashwa. Ilisoma volti 0.4. Pale panatakiwa pawe karibu na sifuri. Kwenye SR waya huo hufungwa kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, na ile yangu ilikuwa imepakwa rangi nzuri ya fedha kabla sijaiona, hata chini ya boliti. Nilikwangua rangi, nikaongeza mkanda mnene wa shaba kutoka bloku hadi bodi na mwingine hadi betri. Tangu jioni ile haijahema tena. Nikiombwa niseme jambo moja tu kuhusu kazi nzima, nitasema hilo la ardhi.

Petroli ni jambo la pili. Pampu ya L16 ilisukumwa na kemshafti na ilitoa presha ndogo ya kutosha kabureta. SR inataka karibu ba 3, mpira unaoirudisha petroli tenkini, na petroli isiyokatika hata sekunde moja. Tenki la 510 halikuundwa kwa hilo. Kiwango kikiwa chini ya robo, kwenye kona ndefu petroli inakimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa. Kwa injini yenye turbo hiyo ni hatari, kwa sababu mchanganyiko wenye petroli pungufu ndio unaotoboa pistoni. Niliweka tenki dogo la akiba katikati, lenye pampu yake. Usiliache hili kwa ajili ya baadaye.

Je, likoje barabarani? Watu wanatarajia nianze na kasi. Kasi ipo, na gari lenye uzito usiofika hata tani moja likipewa nguvu hizo halihitaji maelezo. Lakini kinachonifurahisha kila siku ni msukumo wa katikati. Kupanda mlima kwa gia ya nne bila kushuka gia, kupita lori kwa utulivu, injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika na haina haraka. Asubuhi inawaka kwa kuguswa ufunguo. Mama yangu, ambaye kiti chake ni cha nyuma kushoto tangu nilinunue, aliniuliza safari ya kwanza, "Mwanangu, mbona leo nguo hazinuki petroli?" Nilikuwa nimeizoea harufu ile ya kabureta kiasi kwamba sikujua imeondoka.

Uzito wa pua haujaniharibia gari. Bloku ya aluminiamu inafidia turbo na mabomba yake, na kona linaingia kama zamani. Nyuma ndiko kunakohitaji heshima. Mikono ya nyuma ya 510 hulaza magurudumu gari linapochuchumaa, na kwa msukumo wa SR gari linachuchumaa kweli. Nilifunga mabano yanayorekebishika ili kuyasimamisha magurudumu, springi ngumu kiasi, na difu ya R160 yenye kizuizi cha utelezi (isiyoacha gurudumu moja lizunguke bure) kutoka Subaru, ambayo ni jamii moja na ile ya asili. Mbele nilitumia strati (miguu ya springi) za Datsun 280ZX ili nipate diski kubwa zaidi. Breki za enzi ya L16 usizibakize. Nasema hivyo nikikumbuka mteremko mmoja wa siku za majaribio, kabla sijazibadilisha, ambapo nilikanyaga pedali na gari likaendelea kufikiri.

Presha ya turbo nimeiacha ya kiwandani, na sitaiongeza. Nimeona 510 zenye nguvu farasi 350, na wenye nazo wanazungumzia ekseli zilizokatika. Udhaifu wa SR wenyewe pia unajulikana: ukiisukuma mara kwa mara hadi mwisho wa mizunguko, roka za vali (vipande vinavyozisukuma vali zifunguke) zinaweza kuchomoka mahali pake. Mimi hubadilisha gia kabla ya 6,500.

Yaliyobaki ni madogo. Spidomita haisomi bado, kwa sababu giaboksi hii inatoa ishara ya umeme na saa ya 510 inazungushwa kwa kebo. Saa ya mizunguko inazidisha. Joto la turbo linapenya kwenye sakafu upande wa abiria, na ngao niliyoweka haitoshi.

Ningemshauri mtu aifanye? Mwenye 510 ambayo bodi yake ni nzima na fremu yake haina kutu, ndiyo, kwa moyo wote, mradi atenge nguvu sawa kwa breki, petroli na ardhi kama anavyotenga kwa injini. Mwenye 510 ambayo haijawahi kuguswa, yenye kila kitu chake cha asili, namwomba aiache ilivyo na atafute nyingine. Hakuna nyaya zilizokatwa ambazo zitarudi kuwa za kiwandani.

Kwa sababu hiyo L16 yangu sikuiuza. Iko kwenye stendi pembeni ya meza yangu ya kazi, matundu yote yamezibwa, silinda zimemiminiwa oili, na kila mwezi ninaizungusha kwa spana raundi mbili.