Soksi za goti madukani Kigoma: ipi inamfaa mwenye meniskasi iliyochakaa

Mwenye goti linalouma akiingia madukani Mwanga au Ujiji atakutana na vifaa vya aina tatu: soksi nyembamba ya kufumwa, soksi nene ya neoprini (mpira laini) yenye tundu mbele, na ile ngumu yenye bawaba za chuma pembeni. Ya tatu ndiyo ghali zaidi, na kwa macho inaonekana ya kihospitali. Hata hivyo, mtu mzima ambaye meniskasi yake imechakaa taratibu tunamshauri achukue ya pili, na aipime vizuri kabla hajalipa.

Meniskasi ni gegedu mbili zenye umbo la mwezi mwandamo, zilizokaa kati ya mfupa wa paja na muundi, moja upande wa ndani na nyingine upande wa nje. Husambaza uzito na kupunguza mtikisiko. Umri ukipita miaka 40 gegedu hizi hupoteza unyumbufu, hivyo kuinuka tu kutoka kuchuchumaa huku mguu umejipinda kunaweza kuzichana, bila ajali yoyote. Ukingo wa nje wa kila gegedu peke yake ndio unaopata damu ya kutosha. Sehemu ya ndani haina damu, na mpasuko wa huko haujiungi. Kwa hiyo hakuna soksi inayoponya meniskasi. Ukiambiwa kwamba nyuzi za shaba au sumaku zilizoshonwa ndani yake ni dawa, usiongeze hata shilingi kwa sababu hiyo.

Soksi ya neoprini inachofanya ni kulipatia goti joto, kulibana kiasi ili uvimbe usiongezeke, na kumfanya mtu ahisi mguu wake umesimama imara. Kwa anayebeba magunia Kibirizi, au anayeteremka kila siku kutoka Mwanga kuelekea stesheni, nafuu hiyo si ndogo.

Kinachoharibu mambo ni kipimo. Kununua kwa kukadiria macho, au kwa kuwa pakiti imeandikwa L, ni kupoteza hela. Chukua futi kamba ya fundi cherehani, simama, kunja goti kidogo, kisha zungushia paja sentimita 10 juu ya ukingo wa juu wa pia ya goti. Linganisha na jedwali la kwenye pakiti, na usome kwanza linataka kipimo cha wapi, maana baadhi ya watengenezaji hupima katikati ya goti. Ukishaivaa, vidole viwili vipite kwa shida kidogo chini ya ukingo wa juu. Vidole vya mguu vikifa ganzi au shavu la mguu likivimba, inabana mno: ivue. Ikijikunja na kuteremka kila ukitembea, ni kubwa. Tundu la mbele lizunguke pia ya goti bila kuikandamiza. Pitisha pia kidole kwenye mishono ya pembeni, kwa sababu kwenye soksi za bei ya chini springi zilizoshonwa humo hutoboa kitambaa na kuchuna ngozi.

Ile ya bawaba ilibuniwa hasa kwa kano za pembeni, goti linapoyumba kulia na kushoto. Meniskasi huumia goti linapokunjwa na kupindwa likiwa limebeba uzito, na bawaba za kawaida hazizuii kupindwa huko. Tena bawaba zikishuka kidogo tu chini ya usawa wa kiungo, zinashindana na goti lenyewe. Aliyeshonwa meniskasi hospitalini huvaa kifaa kingine kabisa, kinachozuia goti lisikunjike kupita pembe aliyoagiza daktari.

Soksi nyembamba inatosha kwa matembezi mepesi, basi.

Vyovyote utakavyonunua, mazoezi ndiyo yatakayofanya kazi kubwa. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa Finland uliofanywa kwa watu 146 wa miaka 35 hadi 65 wenye mpasuko wa uchakavu. Waliokatwa kipande kilichochanika na waliofanyiwa upasuaji wa kuigiza tu walikuwa na nafuu inayolingana baada ya miezi 12, yaani kukata hakukuongeza nafuu. Anza hivi: lala chali, kunja mguu usiouma, nyoosha unaouma na kaza msuli wa paja, uinue hadi usawa wa goti lililokunjwa, hesabu hadi tano, ushushe polepole. Mara 10, awamu tatu kwa siku. Kazi za chini, kama kuanika dagaa, zifanywe ukiwa umekaa kwenye kigoda kirefu badala ya kuchuchumaa.

Goti likikwama lisinyooke kabisa, au likivimba na kuwa la moto pamoja na homa, achana na duka na uende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Eksirei huonesha mifupa. Meniskasi yenyewe huonekana kwa kipimo cha MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku.

Neoprini haipitishi hewa, na kwa joto la Kigoma ngozi hutoka vipele upesi. Ivae wakati wa kazi, uivue unapolala. Ifue kwa maji baridi na sabuni laini, mikanda ya kunata ikiwa imefungwa, usiikamue, uianike kivulini kwa sababu jua kali huiharibu. Mchanga wa ufukweni na magamba ya samaki hujaa kwenye mikanda hiyo hadi inaacha kunata. Mswaki mkavu wa zamani huyatoa.