SExtractor kwenye laptopu ya GB 4: naipa nyota nne

Nimekaa na programu hii ya kutafuta na kupima nyota kwenye picha tangu Machi, na kilichonisukuma ni mawingu. Wa Moshi mnajua: masika yakishaanza, Kibo yenyewe hatuioni wiki nzima, sembuse nyota. Nafundisha fizikia sekondari, na darubini yetu imelala kabatini. Nikasema basi, nipime nyota ambazo wengine wameshazipiga picha.

Picha ni za SDSS, mradi wa kupiga picha anga, zilizopigwa na darubini ya mita 2.5 iliyoko New Mexico, Marekani, unazipakua bure. Programu ni SExtractor ya Bertin na Arnouts, waliyoitangaza mwaka 1996, nayo ni bure. Kwenye Ubuntu inaitwa source-extractor, na ukiwa na kidato cha tatu mbele yako, tumia jina hilohilo.

Haina madirisha wala vitufe. Unaandika amri kwenye skrini nyeusi, na hujamaliza hata funda la chai inakutolea orodha ya mamia ya vitu: kila kimoja mahali kilipo, mng'ao wake, na alama kati ya 0 na 1 ya kukisia kama ni galaksi au nyota.

Siku ya kwanza nilifurahi kama dakika kumi. Halafu nikaona nyota imeandikwa -6.5. Kwa wasiozoea, kipimo hiki cha mng'ao kimegeuzwa: namba ikishuka mwanga unaongezeka, na hatua 5 ni mara 100 kamili. Zuhura ikiwaka kwelikweli haifiki -5. Kwa hiyo nimegundua nyota inayoishinda Zuhura, na mtaa wetu wa Pasua mzima hakuna aliyeiona! Kosa lilikuwa langu. Kuna mpangilio uitwao MAG_ZEROPOINT, yaani namba ya kuanzia hesabu. Usipougusa unabaki 0, wakati picha hizi zinataka 22.5. Nilipoandika hivyo nyota ikarudi 16, hafifu mno kwa macho matupu. Programu haikuninong'oneza lolote. Ukiiuliza ovyo inakujibu ovyo, tena kwa desimali nne.

Ninachoipendea ni inavyoshughulika na anga. Anga la usiku si jeusi tii. Lina mwanga wake, na mwanga huo umo katika kila pikseli. Ni kama kupima kahawa: mzani unasoma kahawa pamoja na gunia, na usipotoa uzito wa gunia kuna mtu umemwibia. SDSS wameshatoa gunia lao, lakini programu inapima tena kilichobaki. Inagawa picha katika miraba ya pikseli 64 kwa 64, inakadiria anga la kila mraba, inalitoa. Kwa nyota, safi kabisa. Kwa galaksi kubwa ni balaa: galaksi inajaza mraba mzima, programu inadhani hilo ndilo gunia, na galaksi inatoka imekonda. Nilipopanua miraba hadi 256 ndipo ikanenepa kidogo.

Galaksi ya M51 ndiyo imenitoa jasho. Kwa mpangilio wa kawaida mikono yake ilikatwakatwa, kila fundo la nyota changa likahesabiwa kitu kinachojitegemea. Nikaiambia isigawe kabisa, DEBLEND_MINCONT ikawa 1: mikono ikaungana, lakini galaksi jirani yake, NGC 5195, nayo ikamezwa humohumo. Nimehangaika na namba za katikati jioni tatu, mbili kati ya hizo umeme ukakatika. Bado tunavutana.

Nyota za kawaida, zisizobanana wala kung'aa mno hadi kufurisha pikseli, nimezilinganisha na orodha ya SDSS wenyewe. Nyingi zilipishana kwa chini ya 0.1, yaani mwanga haukutofautiana hata asilimia 10. Kwa kazi ya darasani inatosha na chenji inabaki.

Ukitaka kujaribu, nakili kwanza faili za programu, default.param na default.conv, kwenye folda ya picha zako, la sivyo inagoma hata kuanza. Hilo lilinila usiku mzima.